Pingamizi la Mama Mkwe

Kazi yake ilikuwa kukusanya maoni ya wananchi, na kwa miaka mingi ilikuwa kazi nyepesi, kwa kuwa wananchi hawakuwa na maoni. Au tuseme walikuwa nayo, ila hawakuyaleta halmashauri. Ofisini walimwita Bwana Maoni, wengine kwa upendo na wengine kwa kejeli, naye alishazoea yote mawili. Kila ulipobuniwa mradi, yeye ndiye aliyebandika michoro kwenye korido ya chini, kati ya dirisha la mhasibu na mlango wa choo, ili umma uikague kama sheria inavyotaka. Umma ulipita. Wengi walisimama mbele ya michoro, wakaikodolea macho, halafu wakamuuliza choo cha wanaume ni kipi. Sanduku la maoni alilifungua kila mwisho wa juma, akakuta maganda ya peremende, na mara moja kikaratasi kilichouliza kwa nini feni haizunguki. Alikiandikia taarifa: mwananchi mmoja ametoa maoni kuhusu hali ya hewa. Mradi ukapita.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka anastaafu, kama si yule jaji.

Halmashauri ilikuwa imepitisha ujenzi wa kituo kipya cha mabasi. Mtu mmoja akaenda mahakamani kulalamikia jambo jingine kabisa, na jaji, kwa udadisi wake tu, akaomba kuona kumbukumbu za kikao cha wananchi. Akakuta kila aliyesimama alishukuru. Walishukuru wote, tena kwa maneno yale yale. Jaji akaandika kwamba mji usio na hata mtu mmoja wa kupinga ni mji ambao haukuulizwa, akaufuta mradi.

Kipindi hicho hicho ndipo ulipokuja mradi mkubwa kuliko yote iliyotangulia. Eneo lote la nyuma ya stesheni ya treni lingejengwa upya: mabohari kuukuu, yadi ya magari mabovu, na mitaa mitatu ya nyumba za mabati zilizobanana kama meno. Mahali pake pangesimama majengo marefu, maduka, bustani, na fleti za kuwahamishia wakazi. Mwekezaji alikuwepo, michoro ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuupinga.

Mkuu wa mipango miji, ambaye kila mtu alimwita Mkuu tu, alimwita Bwana Maoni ofisini kwake akamfungia mlango.

"Nataka watu wapinge," alisema. "Lakini wapinge kwa adabu. Mapingamizi yanayojibika. Unanielewa?"

Bwana Maoni alisema anaelewa. Mkuu, ambaye hakuamini kwamba kuna mtu anaelewa mpaka arudie, akafafanua. Mtu apinge rangi ya kuta, tumbadilishie rangi. Apinge miti michache, tuongeze mitatu. Aende kwake kafurahi, na kumbukumbu zionyeshe tumesikiliza.

Basi Bwana Maoni akavaa viatu vya kutembelea, akaingia mitaani kutafuta wapinzani kama mtu anayetafuta mbuzi aliyekata kamba. Alianza kwa kinyozi, akijua vinyozi wana la kusema juu ya kila kitu. Kinyozi alimkalisha kitini, akamfunga kitambaa shingoni, akamwambia anauunga mkono mradi kwa asilimia zote. Bwana Maoni akajaribu kumchokoza kidogo: huoni majengo yatakuwa marefu mno? Kinyozi alisimamisha mashine, akamtazama kupitia kioo, akauliza kwa sauti ya chini kama serikali sasa inawasaka wabishi. Kuanzia hapo alinyoa kimya, na alinyoa sana.

Fundi viatu alikuwa mkweli zaidi. Alikuwa amekaa mlangoni kwake na misumari midomoni, ikabidi aitoe kwanza.

"Nyinyi mmeshaamua," alisema. "Sasa unataka nikupingie nini, bwana mkubwa? Nikupingie ili ufurahi?"

Ndivyo ilivyokuwa hasa, lakini Bwana Maoni hakuona namna nzuri ya kusema ndiyo. Alimpa kiatu chake kimoja kishonwe na kusubiri akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Alizunguka mitaa yote mitatu. Kila mlango alipokewa kwa tabasamu, na kila tabasamu liliunga mkono. Mpaka siku ya kikao inakaribia, alikuwa hana hata pingamizi moja la kumpelekea Mkuu. Ndipo, akiwa amekaa nyumbani ameshika tama, alipomkumbuka mama mkwe wake.

Huyu alikuwa mjane aliyeishi mtaa wa tatu, ule wa mwisho kabisa, uliogusa ukuta wa reli. Kabla ya kustaafu alikuwa mtangazaji wa stesheni. Kwa muda wote wa ujana na utu uzima wake ndiye aliyewaambia wasafiri treni iko wapi, na kwa kawaida ilikuwa haipo. Ratiba ya stesheni ile ilipenda sana saa kasoro: treni ya saa nne kasoro robo, treni ya saa kumi kasoro dakika kumi. Watu wakampa jina la Bi Kasoro. Jina likamkaa vizuri zaidi alipostaafu, kwa sababu hakuna kitu alichokitazama asikione kasoro. Mkate wa duka la pembeni ulikuwa na hewa nyingi. Mganga wa zahanati alikuwa na mikono ya baridi. Harusi ya bintiye na Bwana Maoni, miaka yote hiyo iliyopita, ilikuwa nzuri, isipokuwa bwana harusi alikuwa ameegemea upande mmoja kwenye picha zote.

Mkewe Bwana Maoni, muuguzi wa wodi ya watoto, alipoelezwa wazo hilo aliacha kupiga pasi.

"Mama hajui kupinga kidogo," alisema. "Utamwomba apinge pipa la taka, atapinga na mvua."

Bwana Maoni akajibu kwamba atamwelekeza vizuri. Mkewe akairudia pasi yake, kimya, kama mtu ambaye keshasema lake na sasa anasubiri yatimie.

Jumamosi akafunga safari na kilo ya sukari na paketi ya majani ya chai. Alimkuta Bi Kasoro sebuleni, kati ya beseni na sufuria mbili zilizokinga maji ya mvua ya usiku. Akamwamkia, akasubiri aambiwe kaa ndipo akae. Bi Kasoro alipokea sukari, akaipima kwa mkono, akanyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa shukrani. Kisha akauliza swali alilokuwa nalo tangu asubuhi.

"Mnabomoa lini, baba?"

Bwana Maoni hakulitarajia. Ikadhihirika kwamba Bi Kasoro aliungoja mradi kuliko Mkuu mwenyewe. Magoti yake yalikuwa yamechoka. Choo kilikuwa uani, chini ya ngazi nne za mawe, na kila alipozishuka alimsimanga marehemu mumewe kwa kuzijenga. Alikwishachagua ghorofa: ya nne, upande unaopata jua la asubuhi. Alikwenda mwenyewe kwenye korido ya halmashauri kuitazama michoro, pengine mtu pekee katika mji mzima aliyeitazama bila kutafuta choo, na aliporudi alipima vitambaa vya mapazia kwa kukisia.

"Mama, nimekuja na ombi," Bwana Maoni alisema, macho yakiwa kwenye beseni.

"Sema."

"Naomba uje kikaoni, upinge."

Bi Kasoro alimtazama kama mtu aliyesikia kwamba treni imefika kabla ya wakati.

"Mimi ambaye nina mapazia tayari?"

Ikabidi amweleze habari ya jaji toka mwanzo. Mradi usipopingwa utafutwa, ukifutwa hakuna fleti, wala lifti, na choo kitabaki palepale uani. Bi Kasoro alisikiliza akikanda goti.

"Kwa hiyo ili niupate, niukatae."

"Kidogo tu, mama. Kitu chepesi. Kama mapipa ya taka, kwamba yako mbali na mlango."

"Hata baba yenu aliponiposa nilimkataa mara mbili," alisema Bi Kasoro, "na gauni nilikuwa nimeshashona." Akacheka peke yake. Halafu akawa makini. Alisema kwamba tangu amuoe bintiye, yeye Bwana Maoni hajawahi kumwomba kitu, hata chumvi, na kwamba mtu asiyeomba humtia mkwewe wasiwasi kama ana kiburi au ana aibu. Sasa kwa kuwa ameomba, atapewa. Atapinga mapipa.

Bwana Maoni alirudi nyumbani roho nyeupe. Jumatatu alimwarifu Mkuu kwamba pingamizi limepatikana, ni moja, ni la mapipa. Mkuu akasugua viganja.

Kikao kilifanyika mchana katika ukumbi wa shule. Madawati yalikuwa ya watoto, na watu wazima walikaa magoti yakiwa yamefika kidevuni. Mbele kulikuwa na meza ya kamati ya mipango, mwenyekiti wake akiwa mama mmoja mtaratibu mwenye miwani kwenye kamba, na pembeni yake Mkuu, na msanifu wa mwekezaji, kijana nadhifu aliyeleta mfano mdogo wa mji mpya juu ya meza ya magurudumu. Majengo yalikuwa ya plastiki nyeupe na miti ya sponji, na katikati yao watu wadogo kama njiti za kiberiti walikuwa wakitembea. Kwenye kona alikaa karani wa kikao akiandika kwenye kompyuta kila kilichosemwa.

Watu waliokuja hawakujaza ukumbi, na wengi walikuja kwa sababu ya soda. Msanifu alieleza mradi kwa muda mrefu. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye maoni. Kinyozi akasimama, akashukuru. Mama mmoja akasimama, akashukuru na kuongeza sala fupi. Bwana Maoni aligeuka kumtafuta mama mkwe, wakakutana macho, na Bi Kasoro akainuka, mkono mmoja kwenye dawati.

Alisema anapinga mahali yalipowekwa mapipa ya taka. Alisema kwa upole kabisa, kama walivyopatana, na Bwana Maoni akahisi hewa inaingia mapafuni.

Msanifu alitabasamu. "Ahsante sana, mama. Hilo limezingatiwa."

Kama angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini Bi Kasoro hakuketi. Akauliza limezingatiwa vipi. Msanifu akajibu kwamba suala la taka kwa ujumla wake limezingatiwa. Bi Kasoro akauliza basi pipa litakaa wapi. Msanifu akasema kwamba mahali pa pipa napo pamezingatiwa, na kwamba wanathamini mchango wake.

Hapo ndipo kitu kilipokatika. Msanifu hakuwa na njia ya kujua, maskini, lakini alikuwa anazungumza na mwanamke aliyelipwa mshahara kwa miaka mingi ili aseme kwenye kipaza sauti kwamba shirika linaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Alilisema hilo wakati treni imekwama, alilisema wakati treni haijaondoka hata ilikotoka, na watu walio nje kwenye jua waliitukana sauti yake, naye hakuruhusiwa kuwaambia ukweli. Aliijua harufu ya maneno yaliyopikwa bila kitu ndani. Miaka yote hiyo alikuwa upande wa kuyasema. Leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa upande wa kuyasikiliza, na aliona ubaya wake ulikuwa mkubwa kuliko alivyofikiri.

Aliondoka kwenye dawati, magoti na yote, akaenda mpaka kwenye ule mji wa plastiki, akainama.

"Hawa watu mbona wembamba wote?" aliuliza.

Hakuwa amepaza sauti. Hakuhitaji. Ilikuwa sauti ya stesheni, ambayo ilipita juu ya vichwa, ikagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Mama mmoja aliyekuwa amelala akaamka na kushika mkoba wake, kama anayeogopa kuachwa. Msanifu akasema vile ni vielelezo tu, vya kuonyesha urefu wa majengo. Bi Kasoro akasema havioni vikibeba kitu. Hakuna aliyezeeka humu, hakuna mjamzito, hakuna mwenye kikapu, hakuna hata mmoja aliyekaa. Wanatoka wapi wanakwenda wapi, watu wasiobeba kitu? Ukumbi ukaangua kicheko. Akasema rangi nyeupe ile ni ya dawa ya meno. Akasema bustani ina njia nyingi na benchi moja, na hilo benchi liko juani. Akauliza lifti ikiharibika siku ya Ijumaa fundi anakuja siku gani. Mengine aliyosema hayakuwa hata ya haki: alimlaumu msanifu kwa vumbi la reli, ambalo lilikuwepo kabla kijana huyo hajazaliwa.

Katikati ya maneno aligundua kwamba yule karani wa kona anaandika. Akanyamaza, akamtazama. Maisha yake yote alikuwa amelalamika kwa muuza mkate, kwa mganga, kwa marehemu, na maneno yakaenda zake na upepo. Huyu binti alikuwa anayachukua moja moja. Bi Kasoro akapunguza mwendo ili asimwache nyuma.

"Umeshaandika la benchi?" alimuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Andika na ngazi."

Bwana Maoni alikuwa amefunika uso kwa viganja. Kwa hiyo hakumwona fundi viatu akisimama, alimsikia tu.

"Mimi nina moja," fundi viatu alisema. "Mkishabomoa, na hamjajenga bado, sisi tunalala wapi?"

Msanifu alijibu kwamba kutakuwa na makazi ya muda, nje kidogo ya mji. Mtu akauliza nje kidogo ni wapi. Mwingine akauliza muda ni muda gani. Msanifu akasema ni muda utakaohitajika, na hapo ukumbi mzima ukasimama. Wale wale waliompokea Bwana Maoni kwa tabasamu milangoni kwao walikuwa wanapiga madawati. Kinyozi alikuwa juu ya kiti. Mkuu akainua mikono kutuliza, hakuna aliyemwona.

"Kaeni," Bi Kasoro alisema kwa ile sauti.

Wakakaa wote. Mkuu naye akakaa.

Walizungumza mmoja mmoja mpaka jua likazama na mlinzi wa shule akaja kuuliza nani atafunga. Mwenyekiti wa kamati alivua miwani yake, akatangaza kwamba uamuzi umeahirishwa, mwekezaji aende akayatafutie yote majibu, na kikao kitaitwa tena.

Usiku ule Bwana Maoni hakula. Alijua asubuhi itakuwa ya kukusanya vitu vyake kwenye boksi, na kweli Mkuu alimsubiri mlangoni akiwa amefura. Lakini kabla hajafungua kinywa akaingia mwanasheria wa halmashauri, kumbukumbu za kikao zikiwa mkononi, nene kama tofali, akazibusu mbele yao. Alisema hajaona ushirikishwaji kama huu tangu aanze kazi. Alisema jaji yeyote akizisoma hizi atalia machozi. Mkuu alibaki mdomo wazi kidogo, kisha akaufunga, akamgeukia Bwana Maoni na kumpa mkono. Alisema yeye siku zote aliamini katika kuwasikiliza wananchi.

Huko mitaani wakazi waliunda kamati yao, na mwenyekiti hakuhitaji kupigiwa kura. Nyumba ya Bi Kasoro ikajaa watu kila jioni. Walikuja na matatizo yao na viti vyao. Bwana Maoni alilazimika kwenda pale kikazi, akiwa na mkoba, na mbele ya watu mama mkwe alimwita bwana afisa na yeye akamwita mheshimiwa mwenyekiti. Mwenyekiti alimpa nafasi ya kusema, akamkatiza, akamwambia halmashauri inacheza na watu. Kisha Jumapili mheshimiwa mwenyekiti alikuja kula kwa binti yake, na bwana afisa akamnawisha mikono.

Jumapili moja, bintiye akiwa jikoni, Bi Kasoro alimwinamia mkwewe.

"Baba, nimepinga vya kutosha? Maana nataka kuanza kufunga vyombo."

Akamjibu kwamba ametosheleza kabisa. Ila kweli hakuwa na uhakika, kwa sababu wakati akiuliza hivyo, Bi Kasoro alikuwa na mng'aro usoni ambao hajawahi kumwona nao, na siku iliyofuata alikwenda kwenye kamati yake akadai mabenchi yaongezwe tena.

Miezi ilipita. Mwekezaji alilalamika, akatishia kuondoka, akarudi. Michoro ikabadilishwa. Fleti zingejengwa kwanza, kwenye yadi ya magari mabovu, na hakuna nyumba ingebomolewa kabla mwenyewe hajakabidhiwa ufunguo wa mpya. Kwa hiyo makazi ya muda yakafutwa. Ngazi zikapanuliwa. Mabenchi yakafika kumi na mawili, yote kivulini. Yalikuwa mambo makubwa, na yasingepatikana kwa adabu.

Siku ya uamuzi ukumbi ulifurika hadi nje. Mwenyekiti wa kamati ya mipango alivaa miwani yake na kusoma. Mradi umepitishwa. Masharti yakasomwa, kila moja likashangiliwa. Halafu akafika mwisho wa ukurasa, akasema kwamba, kwa kuheshimu sauti ya wakazi iliyotolewa kwa nguvu na kwa ufasaha, mradi utahusu mitaa yote, kasoro mtaa wa tatu. Mtaa wa tatu utabaki kama ulivyo, usiguswe.

Ukweli ni kwamba mwekezaji alipiga hesabu akaona ni nafuu kuuzunguka mtaa wa Bi Kasoro kuliko kujibizana naye miaka mingine. Lakini kwenye karatasi iliandikwa heshima, na ukumbi ukaisikia heshima.

"Wameandika hata jina lake," kinyozi alipiga kelele, "kasoro mtaa wa tatu!" Watu wakacheka, wakamnyanyua Bi Kasoro juu pamoja na kiti. Majirani zake wa mtaa wa tatu, ambao kwa miezi alikuwa amewaambia washikilie nyumba zao kwa meno, walilia kwa furaha. Walimtaka aseme neno.

Bwana Maoni alikuwa amesimama ukutani na mkewe. Waliuona uso wa Bi Kasoro kule juu, na ni wao wawili tu waliojua wanachokitazama. Mdomo wake ulifunguka mara moja bila kutoa kitu. Kisha akaipata sauti yake.

"Nashukuru," alisema, na ilisikika mpaka stesheni. "Tunaishukuru kamati kwa kutusikiliza."

Mkewe Bwana Maoni alitoka nje. Tangu siku ile alizungumza na mumewe kwa yale ya lazima tu: mlango, gesi, ada ya mtoto.

Yaliyobaki yalikwenda vizuri kwa kila aliyestahili na kwa wachache wasiostahili. Mkuu alipandishwa cheo. Bwana Maoni alipewa ofisi yenye dirisha, na halmashauri za miji mingine zikaanza kumwalika akawafundishe namna ya kushirikisha umma. Aliwaambia siri ni uvumilivu. Fundi viatu alipata fleti ya ghorofa ya nne, upande wa jua la asubuhi. Alipohamia, mgeni wa kwanza kumwalika alikuwa Bi Kasoro, kwa sababu, alisema, bila yeye sasa hivi angekuwa kwenye hema huko maporini. Bi Kasoro alipanda kwa lifti akiwa amemshika mkwewe mkono. Alizunguka vyumba vyote, akafungua bomba, akafunga. Akasema madirisha yana vitasa vilegevu. Akasimama pale dirishani muda mrefu, na chini yake aliweza kuyaona mabati ya mtaa wa tatu, yamepigwa viraka, na lake lenye kutu kuliko yote. Fundi viatu alimletea kiti. Akakaa, akasifu chai, na hakusema ina kasoro gani, mpaka Bwana Maoni akaingiwa na hofu.

Waliporudi nyumbani kwake siku ile, Bwana Maoni hakusubiri aambiwe kaa. Alisema yote kwa mkupuo: kwamba kosa ni lake, kwamba hajalala vizuri tangu uamuzi ule, kwamba sasa ana cheo kidogo na anaweza kuomba mtaa wa tatu urudishwe kwenye mradi. Inawezekana. Itachukua muda, lakini inawezekana, wakazi wenyewe wakiomba.

Bi Kasoro alikuwa anashuka ngazi ya kwanza kwenda uani, mkono ukutani.

"Wakazi nani? Hawa niliowaambia wasimame?" alisema. "Niwapitie mlango kwa mlango niwaambie sasa kaeni? Wakiniuliza kwa nini, niseme nilipinga kwa sababu mkwe wangu alikuwa na shida kazini?"

Bwana Maoni akamfuata mpaka juu ya ngazi.

"Na usidhani nilidanganya," Bi Kasoro aliendelea, mgongo ukiwa kwake. "Nilianza kwa kukusaidia. Nilipoliona lile likijana linaniambia limezingatiwa, sikuwa nakusaidia tena." Akashuka ngazi ya pili. "Ila lifti niliitaka. Nisikufiche."

Jumamosi iliyofuata Bwana Maoni alikuja na mabati mapya juu ya mkokoteni, misumari, na ngazi ya kuazima. Mkewe ndiye aliyemtuma, na ndilo neno refu kuliko yote aliyomwambia mwezi ule. Hakuwa amewahi kupanda paa katika maisha yake. Kutoka juu aliona winchi za ujenzi zikizunguka upande wa mabohari, na chini, uani, mama mkwe wake ameweka kiti, ameketi ameinua uso, majirani wakiwa wamemzunguka.

"Baba, hilo la kulia limekaa upande," Bi Kasoro alitangaza, na mtaa mzima ukageuka kutazama.

Alilitazama bati. Kwa macho yake lilikuwa limenyooka. Akaling'oa, akaanza upya.